Fedha Hii ni ya Nani? Somo la Debiti na Krediti kwa Vigango na Jumuiya



Katika vigango vingi hesabu huandikwa kwenye daftari lenye safu tatu: kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Daftari hilo ni jema, na ni bora mara nyingi kuliko hesabu zinazokaa kichwani mwa mweka hazina. Hata hivyo lina upungufu mmoja mkubwa. Linatuambia fedha zilizopo ni kiasi gani, lakini halituambii ni za nani. Sadaka ya Jumapili, mchango wa paa, bahasha ya wagonjwa na fedha tunazodaiwa na duka la vifaa vyote huchanganyika katika jumla moja. Kamati ikiketi na kuona jumla kubwa, hujidhania kuwa na uwezo ambao haina.

Somo hili linaeleza njia ya kuandika hesabu kwa pande mbili. Halihitaji kompyuta wala cheti cha uhasibu. Linahitaji daftari, rula, kalamu ya wino na mtu mwenye subira. Nimeliandika kwa ajili ya mafrateri wenzangu, ambao kesho tutapokea funguo za kabati la fedha la parokia, na kwa ajili ya waamini ambao leo ni waweka hazina wa jumuiya, kwaya na vyama vya kitume.

Njia hii ilitoka wapi?

Wafanyabiashara wa miji ya Italia waliitumia muda mrefu kabla haijafundishwa katika kitabu kilichochapwa. Aliyeieneza kwa chapa ni mtawa Mfransisko, Luca Pacioli, mwalimu wa hisabati. Mwaka 1494 alichapisha mjini Venice kitabu kikubwa cha hisabati, na ndani yake akaweka sehemu inayoeleza jinsi wafanyabiashara wa mji huo walivyoandika hesabu zao. Hakudai kwamba ameibuni. Alieleza vitabu vitatu: daftari la kumbukumbu, ambamo kila tukio huandikwa papo hapo, jarida, ambamo tukio hilo hupangwa katika pande mbili, na leja, ambamo kila hesabu ina ukurasa wake. Alishauri pia kwamba kazi hiyo ianze kwa jina la Mungu na kwamba vitabu vya kwanza vitiwe alama ya Msalaba. Kwake daftari la hesabu lilikuwa mahali pa kusema ukweli mbele ya Mungu.

Kanisa nalo limeweka jambo hili katika sheria zake. Katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1284 inawadai wasimamizi wa mali za Kanisa watunze vizuri vitabu vya mapato na matumizi, na mwisho wa kila mwaka watoe taarifa ya usimamizi wao. Kanuni ya 1287 inadai pia waamini waelezwe kuhusu mali walizolitolea Kanisa. Na kanuni ya 1267 inasema kwamba matoleo yaliyotolewa kwa kusudi fulani hayawezi kutumika isipokuwa kwa kusudi hilo. Tuishike hii ya mwisho, kwa sababu somo lote linaizunguka. Mtu anawezaje kuitii ikiwa daftari lake halionyeshi fedha ipi ilitolewa kwa kusudi gani?

Maneno mawili ya Kilatini

Maneno debiti na krediti huwatisha wengi, kumbe asili yake inajulikana kwa yeyote anayesoma Kilatini. Debiti inatokana na kitenzi debere, maana yake kuwiwa au kudaiwa. Krediti inatokana na credere, maana yake kuamini, na ndilo neno tunaloanza nalo Kanuni ya Imani tunaposema Credo. Mkopeshaji ni mtu aliyetuamini. Mwenye duka anayekupa mabati kwa mali kauli amekuamini. Mama anayekukabidhi bahasha na kusema hii ni ya wagonjwa, naye amekuamini.

Katika kuandika, debiti ni upande wa kushoto na krediti ni upande wa kulia. Kila tukio la fedha huandikwa pande zote mbili kwa kiasi kilekile, kwa kuwa hakuna fedha inayoingia bila kutoka mahali, wala inayotoka bila kwenda mahali. Upande wa debiti hujibu swali: thamani hii imekwenda wapi? Upande wa krediti hujibu: imetoka wapi, au kwa nani?

Kwa kigango, hesabu zetu ziko za aina tano.

1. Mali: fedha taslimu, fedha za benki, vitu tunavyomiliki. Zikiongezeka, andika debiti. Zikipungua, andika krediti.
2. Matumizi: mishumaa, divai, umeme, nauli ya katekista. Yakiongezeka, andika debiti.
3. Madeni na amana: fedha tunazodaiwa na fedha tulizokabidhiwa kwa kusudi maalumu. Zikiongezeka, andika krediti. Zikilipwa au zikitumika kwa kusudi lake, andika debiti.
4. Mapato: sadaka, zaka, mavuno. Yakiongezeka, andika krediti.
5. Mfuko wa Kigango: kilicho chetu kweli baada ya kuondoa madeni na amana. Ukiongezeka, andika krediti.

Hapa wengi huuliza: mbona ujumbe wa benki husema akaunti yangu imefanyiwa krediti wakati fedha zimeingia? Ni kwa sababu benki inazungumza kutoka katika vitabu vyake yenyewe. Ukiweka fedha benki, benki inawiwa nawe. Kwao wewe ni mdai, na wadai huandikwa krediti. Katika daftari lako, fedha hizohizo ni mali, na mali ikiongezeka huandikwa debiti. Kila mmoja amesema kweli kutoka mahali aliposimama.

Wiki moja katika kigango

Tuchukue kigango cha mfano. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 5 Julai, kina fedha taslimu Sh. 150,000 na fedha za benki Sh. 1,200,000. Jumla ni Sh. 1,350,000. Lakini katika fedha hizo, Sh. 700,000 zilichangwa na waamini kwa ajili ya paa. Kwa hiyo tunafungua vitabu hivi:

Debiti: Fedha taslimu 150,000
Debiti: Benki 1,200,000
  Krediti: Amana ya paa 700,000
  Krediti: Mfuko wa Kigango 650,000

Pande zote mbili zina Sh. 1,350,000. Tazama kwamba tangu ukurasa wa kwanza tumekwisha kusema kilicho chetu na kisicho chetu. Sasa twende na jarida, siku kwa siku. Kila ingizo lina tarehe, debiti, krediti na maelezo mafupi ya sababu.

Tarehe 5 Julai
Debiti: Fedha taslimu 184,000
  Krediti: Mapato ya sadaka 184,000
(Sadaka ya Jumapili, imehesabiwa na watu watatu, karatasi ya kuhesabia namba 1.)

Tarehe 6 Julai
Debiti: Benki 200,000
  Krediti: Fedha taslimu 200,000
(Fedha zilizopelekwa benki, hati ya benki imehifadhiwa.)

Ingizo hili la pili huwasumbua wenye daftari la safu tatu. Fedha imetoka kwenye sanduku, je, ni matumizi? Imeingia benki, je, ni mapato? Si mapato wala matumizi. Ni mali ileile iliyohama mfuko, na pande mbili zinaonyesha hivyo bila ubishi.

Tarehe 7 Julai
Debiti: Benki 300,000
  Krediti: Amana ya paa 300,000
(Mchango wa muumini kwa ajili ya paa, umeingia moja kwa moja benki.)

Hapa ndipo penye uzito. Fedha imeingia, lakini hatukuandika mapato. Mtoaji alitaja paa, kwa hiyo tumeandika amana. Kuanzia dakika hiyo kigango kinawiwa naye paa la thamani ya Sh. 300,000.

Tarehe 8 Julai
Debiti: Matumizi ya liturujia 45,000
  Krediti: Fedha taslimu 45,000
(Mishumaa, hostia na divai, risiti imeambatanishwa.)

Tarehe 9 Julai
Debiti: Amana ya paa 640,000
  Krediti: Deni la duka la vifaa 640,000
(Mabati 20 kwa Sh. 32,000 kila moja, yamepokelewa na kuhesabiwa; malipo bado.)

Siku hiyo hakuna hata shilingi iliyotoka, na daftari la safu tatu lisingeandika kitu. Lakini jambo kubwa limetokea. Ahadi kwa wachangiaji wa paa imetimizwa kwa Sh. 640,000, na deni jipya kwa mwenye duka limezaliwa kwa kiasi hichohicho. Ipo njia nyingine ya kuandika mabati kwanza kama mali, kisha kufunga amana jengo likikamilika. Jimbo likiagiza njia hiyo, fuateni. Jambo la msingi ni kwamba deni liandikwe siku lilipozaliwa.

Tarehe 10 Julai
Debiti: Deni la duka la vifaa 400,000
  Krediti: Benki 400,000
(Malipo ya sehemu ya deni la mabati, hati ya malipo namba 2.)

Kosa hurekebishwa bila kufutwa

Jumamosi, tarehe 11 Julai, mmoja wa waliohesabu sadaka anapitia karatasi ya kuhesabia. Anakuta kwamba ndani ya zile Sh. 184,000 mlikuwa na bahasha ya Sh. 24,000 iliyoandikwa: kwa wagonjwa. Iliingizwa kwenye sadaka ya kawaida. Tufanye nini?

Tusifute. Tusipake wino mweupe wala kuchana ukurasa. Daftari lililofutwafutwa haliaminiki, hata kama kila namba ndani yake ni ya kweli. Njia ya jarida ni kuandika ingizo jipya linalorekebisha la zamani:

Tarehe 11 Julai
Debiti: Mapato ya sadaka 24,000
  Krediti: Amana ya wagonjwa 24,000
(Marekebisho ya ingizo la tarehe 5 Julai; bahasha ya wagonjwa ilijumlishwa kwenye sadaka.)

Sasa yeyote atakayesoma ataona kosa, ataona lilivyogunduliwa na ataona lilivyorekebishwa. Kosa lililoandikwa hivi halimwaibishi mtu.

Kutoka jarida kwenda leja

Jarida linafuata siku. Leja inafuata hesabu. Kila hesabu ina ukurasa wake, umegawanywa kwa mstari katikati, na kila ingizo la jarida hupelekwa kwenye kurasa mbili au zaidi zinazohusika. Kwa mfano, ukurasa wa Benki utakuwa hivi:

Debiti: 1,200,000 (kianzio), 200,000 (tarehe 6), 300,000 (tarehe 7). Jumla 1,700,000.
Krediti: 400,000 (tarehe 10).
Salio: debiti 1,300,000.

Salio hilo lilinganishwe na taarifa ya benki. Zikitofautiana, tafuta sababu kabla hujaendelea. Mara nyingi ni makato ya benki ambayo hayajaandikwa. Ukurasa wa Fedha taslimu nao ulinganishwe na fedha zilizomo sandukuni, zikihesabiwa mbele ya mtu wa pili.

Tukifanya hivyo kwa kila ukurasa, tunapata urari, yaani orodha ya masalio yote ili kuona kama pande mbili zinalingana.

Masalio ya debiti:
Fedha taslimu 89,000
Benki 1,300,000
Matumizi ya liturujia 45,000
Jumla 1,434,000

Masalio ya krediti:
Amana ya paa 360,000
Deni la duka la vifaa 240,000
Amana ya wagonjwa 24,000
Mapato ya sadaka 160,000
Mfuko wa Kigango 650,000
Jumla 1,434,000

Kinanda cha kwaya

Tuseme jioni hiyohiyo kamati inakutana. Kwaya imeomba kinanda cha Sh. 900,000, na somo wa kigango anakaribia kuadhimishwa. Mwenyekiti anauliza: tuna shilingi ngapi? Mweka hazina wa safu tatu anajibu kwa uaminifu kabisa: taslimu na benki tuna Sh. 1,389,000. Watu wanapiga makofi. Kinanda kinanunuliwa, na bado zinabaki Sh. 489,000.

Mweka hazina wa pande mbili anajibu tofauti: tunazo Sh. 1,389,000, lakini Sh. 360,000 ni za paa, Sh. 240,000 ni za mwenye duka, na Sh. 24,000 ni za wagonjwa. Zilizo zetu ni Sh. 765,000. Tukinunua kinanda leo, Sh. 135,000 zitatoka kwa mmoja wa hao watatu. Je, tumwombe nani kati yao?

Hakuna aliyeiba katika jibu la kwanza. Hakuna aliyesema uongo. Hata hivyo fedha za watu zingetumika bila wao kujua, na siku fundi wa paa atakapodai malipo, kigango kingeanza kuchanga upya kwa kitu kilichokwisha kuchangiwa. Hapo ndipo minong'ono huanza, na baada ya minong'ono bahasha huwa nyepesi. Tunaosoma falsafa tumefundishwa kwamba haki ni nia thabiti ya kumpa kila mtu kilicho chake. Lakini huwezi kumpa mtu kilicho chake ikiwa hujaandika ni kipi kilicho chake. Upande wa krediti ndipo majina ya wanaotuamini yanapoandikwa.

Urari usitulevye

Lazima niongeze tahadhari. Urari ukikataa kulingana, kuna kosa kwa hakika. Ukilingana, bado kosa linaweza kuwepo. Kumbuka ile bahasha ya wagonjwa: kabla ya marekebisho ya tarehe 11, pande mbili zilikuwa zinalingana vizuri kabisa, na wagonjwa walikuwa wamepoteza Sh. 24,000. Hesabu hupima kama namba zinakubaliana. Haiwezi kupima kama fedha imewekwa chini ya jina sahihi. Kazi hiyo ni ya watu, na kwa hiyo njia hii inahitaji kusindikizwa na desturi chache:

Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili wasio wa nyumba moja, palepale baada ya ibada, na wote watie sahihi.
Bahasha zenye kusudi zitengwe kabla ya kuhesabu fedha nyingine.
Fedha zinazotumwa kwa simu ziingie kwenye namba ya kigango, zisiingie kwenye namba binafsi ya mweka hazina.
Kila malipo yawe na risiti au hati ya malipo, na anayeidhinisha asiwe yule anayelipa.
Mweka hazina akimaliza muda wake, makabidhiano yafanyike kwa maandishi pamoja na urari wa siku hiyo.
Urari usomwe mbele ya waamini, pamoja na amana zote, kwa lugha wanayoielewa.

Mtakatifu Paulo hakuona desturi za namna hii kuwa ni kutomwamini mtu. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorinto, sura ya 8, anaeleza jinsi mchango mkubwa ulivyosindikizwa na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kuwalaumu. Alitaka jambo lionekane jema kwa Bwana, na pia kwa wanadamu. Mtume aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya Injili hakuona aibu kuhesabu fedha mbele ya mashahidi. Sisi nasi tusione aibu.

Zoezi

Endelea na kigango kilekile. Andika maingizo ya jarida kwa matukio haya, kisha tengeneza urari mpya.

(a) Tarehe 12 Julai: sadaka ya Jumapili Sh. 176,000 taslimu, isiyo na bahasha yoyote yenye kusudi.
(b) Tarehe 13 Julai: fundi wa paa amelipwa Sh. 150,000 taslimu.
(c) Tarehe 14 Julai: wagonjwa wamepelekewa Sh. 24,000 taslimu.
(d) Tarehe 15 Julai: taarifa ya benki inaonyesha makato ya Sh. 6,000.

Majibu

(a) Debiti: Fedha taslimu 176,000. Krediti: Mapato ya sadaka 176,000.
(b) Debiti: Amana ya paa 150,000. Krediti: Fedha taslimu 150,000.
(c) Debiti: Amana ya wagonjwa 24,000. Krediti: Fedha taslimu 24,000.
(d) Debiti: Gharama za benki 6,000. Krediti: Benki 6,000.

Katika urari mpya, masalio ya debiti ni Fedha taslimu 91,000, Benki 1,294,000, Matumizi ya liturujia 45,000 na Gharama za benki 6,000. Masalio ya krediti ni Amana ya paa 210,000, Deni la duka 240,000, Mapato ya sadaka 336,000 na Mfuko wa Kigango 650,000. Kila upande una Sh. 1,436,000.

Sasa jibu swali la kwaya. Taslimu na benki kuna Sh. 1,385,000. Ukiondoa za paa na za duka, zilizo zetu ni Sh. 935,000. Kinanda kinaweza kununuliwa, na zitabaki Sh. 35,000. Kama ni busara kubaki na kiasi hicho, kamati ijadili. Lakini safari hii itajadili fedha yake yenyewe.